Emil Zátopek, mtu wa mbio ya vipande

Wandugu wanafunzi, mashindano ya mashule yanakaribia, na wengi wenu mmetuuliza namna gani mtu anajitayarisha kwa mbio ndefu, ile ya meta 5000 na ile ya 10000. Tumeona kuandika amri tupu, fanya hii, usifanye ile, haina utamu. Afadhali tuwasimulie maisha ya mtu mmoja aliyekufa kabla sisi hatujazaliwa. Katika juma moja la mwaka 1952 alifanya jambo ambalo mpaka leo hakuna mtu mwingine aliyelifanya. Jina lake Emil Zátopek.

Alizaliwa tarehe 19 Septemba 1922 katika mji mdogo wa Kopřivnice, upande wa Moravia, katika nchi iliyoitwa Chekoslovakia. Nchi ile iligawanyika mwaka 1993, na leo Kopřivnice iko katika Cheki. Baba yake alikuwa seremala katika kiwanda cha magari cha Tatra. Nyumbani watoto walikuwa wengi na feza kidogo. Kijana alipomaliza masomo ya kwanza alitumwa Zlín, mji wa viatu vya Bata, akafanya kazi kiwandani mchana na kusoma jioni. Ni Bata ile ile ambayo viatu vyake vilifika mpaka kwetu Kongo, na wazazi wetu wengine walivivaa kwenda shuleni.

Mwaka 1941 kiwanda kilitengeneza mashindano ya mbio katikati ya mji. Wakati ule Wajerumani walikuwa wamekamata nchi, lakini kazi na michezo viliendelea. Mwalimu wa sport alichagua vijana, akamwonyesha Zátopek kwa kidole. Alikuwa na miaka 18. Hakuwa anapenda mbio hata kidogo. Alijibu kwamba yeye ni mzaifu, mwili hauwezi. Mwalimu akamtuma kwa mganga. Mganga akamtazama, akamrudisha na kusema ni mzima kabisa. Basi akakimbia kwa lazima. Kumbe, alipoanza tu, alijisikia anataka kushinda. Kati ya watu karibu mia moja alifika wa pili.

Hapa sisi tunaoandika listi ya wagonjwa wa internati kila siku ya sport tuna neno kidogo. Homa ambayo inaingia saa nane na kutoka saa kumi, wakati mipira imekwisha kurudishwa stoo, tunaijua vizuri. Zátopek naye aliijaribu. Tofauti ni kwamba yeye mganga wake hakumwonea huruma. Tuendelee.

Baada ya siku ile alijiunga na wakimbiaji wa Zlín. Hakuwa na kitabu cha mazoezi wala mwalimu mkubwa. Alichokuwa nacho ni habari za Paavo Nurmi, mtu wa Finlandi ambaye kati ya 1920 na 1928 alipata medali tisa za zahabu katika Michezo ya Olimpiki. Alisoma kwamba Nurmi hakuwa anakimbia pole pole tu kilometa nyingi. Alikuwa anachanganya mwendo wa haraka na mwendo wa kupumzika. Zátopek akafikiri hivi: kukimbia pole pole najua tayari, juu ya nini nijifunze tena? Ninachokosa ni mbio kali. Na mbio kali mtu hawezi kuivumilia kwa kilometa kumi mara ya kwanza, lakini kwa meta 100 au 400 anaweza. Basi aikate vipande vipande.

Watu wa Zlín walimcheka. Waliona anakimbia vipande vifupi kama mtu wa meta 100, na huku mashindano yake ni ya mbio ndefu. Wengine walimwambia atajiharibu. Mwaka 1944 alivunja rekodi za nchi yake za meta 2000, 3000 na 5000, na kicheko kikapungua.

Sasa tueleze vizuri hii mbio ya vipande, maana ndiyo sababu ya habari yote. Tuseme kiwanja kina mzunguko wa meta 400. Mtu anakimbia mzunguko mmoja kwa nguvu, si kwa nguvu ya kufa, lakini kwa mwendo ulio juu ya ule wa kawaida. Akimaliza hasimami, hakai chini, wala halali kwenye majani. Anaendelea kwa kutrota pole pole meta 200, anarudisha pumzi, halafu anashika tena mzunguko wa nguvu. Karibu ya mwaka 1948 Zátopek alikuwa anafanya kwa siku moja meta 200 mara tano, meta 400 mara 20, na tena meta 200 mara tano. Baadaye aliongeza mpaka meta 400 mara 40. Fanyeni hesabu: ni kilometa 16 za mwendo wa nguvu, bila kuhesabu zile za kutrota katikati. Alifanya hivyo katika mvua, katika teluji (ile barafu laini ya Ulaya inayoanguka kama pamba), msituni, usiku, akiwa amevaa viatu vizito vya askari, sababu tangu 1945 alikuwa askari. Mara nyingi hakuwa na saa mkononi. Mwili wenyewe ulimwambia.

Yeye hakuwa wa kwanza kuzunguka na akili hii. Kabla ya vita ya pili, Ujerumani, mwalimu Woldemar Gerschler aliifanyia uchunguzi, na huko Freiburg akashirikiana na mganga Herbert Reindell. Hawa walihesabu mapigo ya moyo. Mtu akimbie kipande kifupi mpaka moyo ufike karibu mapigo 180 kwa dakika. Halafu apumzike mpaka ushuke 120. Ukikawia kushuka kupita dakika moja na nusu, ni kwamba kipande kilikuwa kikali mno, apunguze. Wao walisema faida kubwa iko ndani ya mapumziko, siyo ndani ya mbio: wakati moyo unashuka, kila pigo linasukuma damu nyingi, na moyo unapanuka na kupata nguvu. Tunaona hapa jambo la ajabu. Mtu anafikiri anajenga mwili wakati anateseka, na kumbe nusu ya kazi inafanyika wakati anatrota na kupumua. Kijana wa Gerschler, Rudolf Harbig, alikimbia meta 800 kwa dakika 1 na sekonde 46.6 huko Milano mwaka 1939, na rekodi ile ilidumu miaka 16, mpaka Mbelgiji Roger Moens alipoivunja mwaka 1955. Harbig hakuiona siku ile; alikufa vitani mwaka 1944.

Tofauti ya Zátopek na Wajerumani ni kwamba wao walikuwa na saa na mganga, na yeye alikuwa na kichwa kigumu. Inasimuliwa kwamba alipokwenda kazini njia ilikuwa na miti kandokando. Siku ya kwanza alishika pumzi mpaka mti wa nne, kesho yake mpaka wa tano, akaongeza hivyo hivyo mpaka siku moja akaanguka na kuzimia. Hii msiige. Inasimuliwa tena kwamba siku ya kufua alijaza bafu maji na nguo, akaingia ndani na kukimbia juu yake mpaka nguo zikatakata. Hii, wenye nguo chafu waige kama wanapenda.

Mwaka 1946 alikwenda Oslo kwa mashindano ya Ulaya, akafika wa tano katika meta 5000. Miaka miwili baadaye, Londoni, dunia ikamjua. Katika meta 10000 alikuwa amepatana na mwalimu wake aliyekaa kati ya watazamaji: mwendo ukishuka chini ya sekonde 71 kwa mzunguko, ainue kitambaa chekundu. Viljo Heino wa Finlandi, mwenye rekodi ya dunia, alikuwa mbele. Kitambaa chekundu kikatokea. Zátopek akampita, akaendelea kuongeza, na Heino akaacha mbio kabla ya mwisho. Zátopek alimaliza kwa dakika 29 na sekonde 59.6. Wa pili, Alain Mimoun wa Ufaransa, mzaliwa wa Algeria, alifika zaidi ya sekonde 47 nyuma yake. Shikeni jina la Mimoun, litarudi.

Siku tatu baadaye kulikuwa mbio ya meta 5000, na mvua ilikuwa imeharibu kiwanja, matope tu. Gaston Reiff wa Ubelgiji alikimbia mbele peke yake. Mzunguko wa mwisho ulipoanza Zátopek alikuwa mbali nyuma, na kila mtu aliona imekwisha. Akaamka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Watazamaji wakasimama, kelele ikajaa, na Reiff hakugeuka mapema. Alishinda kwa sekonde mbili za kumi tu. Wakati ule nchi yetu ilikuwa ingali mikononi mwa Ubelgiji. Zahabu ile ilikwenda Ubelgiji, lakini kwetu sisi mbio nzuri ya siku ile ni ya yule aliyefika wa pili. Tena mwaka 1950, mashindano ya Ulaya yalipofanyika Bruxelles, nyumbani kwa Reiff mwenyewe, Zátopek alishinda meta 10000 na meta 5000 zote mbili, na Reiff akafika wa tatu.

Mtu akimtazama anakimbia alifikiri anakufa. Kichwa kililala upande, ulimi nje, uso ulikunjwa kama wa mtu mwenye jino bovu, mikono ilipigana na hewa. Waandishi wa magazeti walimpa jina la gari la moshi juu ya kupumua kwake. Wakimbiaji wengine walimtazama wakati wa mzunguko wa kumi wakajipa moyo kwamba huyu sasa amechoka. Hapo ndipo walikosea.

Tarehe 29 Septemba 1951 alikuwa mtu wa kwanza kupita kilometa 20 ndani ya saa moja. Alikimbia meta 20052. Tukifanya hesabu, ni mizunguko 50 na zaidi, kila mmoja karibu sekonde 72. Sasa angalieni: Londoni, mwaka 1948, alishinda zahabu kwa mwendo ule ule wa sekonde 72, lakini kwa mizunguko 25. Miaka mitatu ya mbio ya vipande ilimwezesha kubeba mwendo ule mara mbili ya njia. Wenye kusema mazoezi haya ni ya mbio fupi tu wajibu hesabu hii.

Tunafika Helsinki, 1952. Lakini kabla ya mbio kulikuwa jambo lingine, na sisi tunaliona kubwa sawa na medali. Katika kundi la Chekoslovakia alikuwamo kijana Stanislav Jungwirth, mkimbiaji wa meta 1500. Baba yake alikuwa amefungwa juu ya siasa, na wakubwa wakakataa mtoto asiende. Zátopek alikuwa askari, tena wa chama, na mtu wa kuonyeshwa kwa wageni. Angeweza kunyamaza. Akakataa kupanda ndege kama Jungwirth hapandi. Ndege ilikwenda bila yeye. Wakubwa walikuwa na njia mbili, kumfunga au kukubali, na michezo ilikuwa karibu kuanza. Wakakubali, wote wawili wakasafiri. Mtu akisoma haraka anafikiri ni hadisi ya kufurahisha. Katika nchi ile, miaka ile, watu walikwenda kwenye mashimo ya madini kwa makosa madogo kuliko hilo.

Tarehe 20 Julai alishinda meta 10000 kwa dakika 29 na sekonde 17, na Mimoun tena wa pili. Tarehe 24 ilikuwa zamu ya meta 5000. Kwenye mzunguko wa mwisho wakimbiaji wanne walikuwa pamoja: Zátopek, Mimoun, Mjerumani Herbert Schade na Mwingereza Christopher Chataway. Zátopek alijaribu mapema, wakampita wote watatu, akawa wa nne. Mtu wa kawaida hapo anakubali. Katika kona ya mwisho alitoka upande wa nje akawapita wote. Chataway alijikwaa kwenye ukingo akaanguka. Mzunguko ule wa mwisho ulichukua karibu sekonde 57 na nusu. Mimoun wa pili, mara ya tatu. Siku ile ile mke wake, Dana, alirusha mkuki akashinda zahabu yake. Walizaliwa siku moja, mwezi mmoja, mwaka mmoja, na walioana mwaka 1948. Kabla ya kurusha, Dana alichukua medali ya bwana wake akaiweka ndani ya mfuko wake.

Baadaye Zátopek akatangaza kwamba atakimbia maratoni, kilometa 42 na meta 195. Maishani mwake hakuwa ameikimbia hata mara moja. Mwenye nguvu alikuwa Mwingereza Jim Peters, aliyekuwa amevunja rekodi muda mfupi tu mbele. Zátopek akaona njia ya akili: amshike Peters, akae karibu naye. Baada ya kilometa kazaa akamuuliza kwa upole kama mwendo huu ni wa haraka mno. Peters, akitaka kumdanganya, akajibu kwamba ni wa pole mno. Zátopek alimsadiki, au alijifanya kumsadiki, akaongeza mwendo, akaenda. Peters alishindwa kuendelea kwa sababu ya misuli, akaacha mbio. Zátopek aliingia kiwanjani peke yake, kwa saa 2, dakika 23 na sekonde 3, na watu maelfu waliimba jina lake. Wa pili, Reinaldo Gorno wa Argentina, alipofika mbele ya dakika tatu kwisha, Zátopek alikuwa anamngoja kumpongeza. Zahabu tatu ndani ya siku nane: 5000, 10000, maratoni. Hiyo ndiyo ambayo hakuna mwingine.

Mwaka 1954, mwezi wa Mei, alivunja rekodi ya dunia ya meta 5000 huko Parisi, na siku mbili baadaye, tarehe 1 Juni, huko Bruxelles, akamaliza meta 10000 kwa dakika 28 na sekonde 54.2. Hakuna mtu aliyekuwa ameshuka chini ya dakika 29 kabla yake. Maishani mwake alivunja rekodi za dunia mara 18. Lakini mwaka ule ule vijana waliokuwa wamesoma mazoezi yake walianza kumshinda. Huko Bern, Vladimir Kuts wa Urusi na Chataway walimpita katika meta 5000. Alichofundisha kilimrudia.

Mwaka 1956, mbele ya Michezo ya Melbourne, alikuwa anajizoeza kwa kukimbia akimbeba Dana mabegani. Akajiumiza tumboni, akapasuliwa. Alikimbia maratoni akiwa hajapona vizuri, akafika wa sita. Aliyeshinda ni nani? Mimoun, aliyekuwa nyuma yake miaka yote. Mimoun hakuondoka kiwanjani, alisimama kumngoja. Zátopek alipofika, amechoka, Mimoun akamwambia kwamba yeye ndiye ameshinda. Zátopek akavua kofia, akampa heshima ya askari, kiisha wakakumbatiana. Mimoun alisema baadaye kwamba kukumbatiwa kule kulikuwa na bei kuliko medali.

Miaka ya 1960 mkimbiaji mkubwa wa mbio ndefu alikuwa Ron Clarke wa Australia. Alivunja rekodi nyingi, lakini katika Olimpiki alikuwa na shaba tu, ya Tokyo, 1964. Mwaka 1966 alikwenda Praha kumtembelea Zátopek. Siku ya kuaga, kwenye uwanja wa ndege, Zátopek alimpa kifuko kidogo kilichofungwa. Clarke aliogopa, akafikiri ni barua ya siri ya kutoa nje ya nchi. Ndege ilipokuwa mbali alifungua. Ndani ilikuwa medali ya zahabu ya meta 10000 ya Helsinki, na jina la Clarke limechorwa pamoja na tarehe.

Halafu ukaja mwaka 1968. Katika Chekoslovakia wakubwa wapya wa chama walitaka kulegeza kamba, watu waandike na kusema. Zátopek, sasa koloneli, alitia sahihi yake chini ya barua iliyoomba mabadiliko yaendelee. Usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 Agosti askari wa Urusi na wa nchi rafiki zake waliingia na vifaru. Yeye alikwenda kwenye uwanja mkubwa wa Praha, akasimama kati ya watu, akasema wazi kwamba jambo hili ni baya. Wakamfukuza katika jeshi na katika chama. Mtu aliyekuwa kwenye stempu za posta alikwenda kufanya kazi na kundi la kutoboa ardhi, mbali na mke wake, akilala ndani ya nyumba ya magurudumu, juma kwa juma, miaka.

Miaka ya 1970 alitangaza kwamba anajirudi, anaacha maneno yake ya 1968. Rafiki zake wengine walikasirika sana, hata baada ya miaka mingi. Sisi tumebishana juu ya hili jioni nzima katika kalasi. Wengine walisema shujaa asingejirudi. Wengine walijibu kwamba hakuna kati yetu aliyelala miaka ndani ya nyumba ya magurudumu akiwa na miaka 50. Hatukupatana, na hatuoni lazima tupatane. Mwaka 1990, utawala ule ulipokuwa umeanguka, alirudishiwa heshima yake.

Kwa wenye mashindano: leo waalimu hawatumii vipande peke yake. Tangu Arthur Lydiard wa Nyuzilandi walijifunza kwamba lazima kilometa nyingi za mwendo wa polepole ziwe msingi, na vipande viwe juu yake. Wala msianze na 40. Kiwanja chetu hakina meta 400 kamili, lakini mzunguko ni mzunguko. Anzeni na sita, mara moja au mbili kwa juma, na kutrota katikati. Wekeni vidole shingoni na kuhesabu mapigo. Yasiposhuka, mwishe siku hiyo.

Zátopek alikufa Praha mwezi wa Novemba 2000, akiwa na miaka 78. Wengi walikuja kumwaga katika teatre ya taifa. Majivu yake yaliwekwa Rožnov, katika milima ya kwao Moravia. Dana alibaki miaka karibu 20 zaidi. Alikufa mwezi wa Machi 2020, na miaka 97, na naye wakamweka pale pale.